Sentensi za Masharti na Upangaji wa Kazi za Kompyuta Kuu: Mfano wa Mauzo ya Korosho Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, na marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Licha ya historia hiyo ndefu, utendaji wa kompyuta kuu bado huelezwa zaidi kwa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili hakina nyenzo za kuueleza.

Makala hii inakusudia kueleza jambo moja tu, nalo ni jinsi kompyuta kuu inavyopangiwa kazi zinazotegemeana kwa masharti. Hoja yetu ni kwamba sarufi ya Kiswahili inalimudu jambo hili. Aidha, inatusaidia kuliona kosa ambalo wapangaji hulirudia, yaani kutaja sharti la kutimia bila kutaja la kutotimia.

2.0 Kazi za Mkupuo na Namba ya Matokeo

Kompyuta kuu ni mashine kubwa itumiwayo hasa na mabenki, mashirika ya bima na idara za serikali. Sehemu kubwa ya shughuli zake ni kazi za mkupuo: data hukusanywa mchana kutwa, kisha huchakatwa kwa pamoja, mara nyingi usiku, pasipo mtu kuziamuru moja moja. Katika benki, kwa mfano, hesabu za siku hufungwa kwanza, ndipo riba ikokotolewe, ndipo taarifa za wateja zichapwe. Riba ikikokotolewa kabla ya hesabu kufungwa, taarifa zote zitakuwa na makosa.

Ili mfuatano huo ulindwe, kila hatua imalizikapo huacha namba ya matokeo. Kwa desturi, 0 humaanisha kwamba hatua imekwenda sawa. 4 ni onyo. 8 ni kosa. 12 na 16 ni makosa mazito zaidi. Hatua inayofuata huisoma namba hiyo kabla ya kuanza. Uhusiano huu ndio tunaouita tegemeo lenye sharti.

3.0 Mnyororo wa Korosho

Msomaji asiyewahi kuiona kompyuta kuu anaweza kuliona tegemeo la namna hii Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, au Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi. Tangu mwaka 2007 korosho za eneo hilo zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, zikapimwa uzito na ubora. Chama huzipeleka ghala kuu, nako zikapimwa tena na stakabadhi ikatolewa. Chama kikuu cha ushirika, yaani MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala, huzipeleka mnadani. Wakulima wakiridhia bei, mnunuzi hulipa. Akishalipa, huruhusiwa kuchukua mzigo, na fedha za mkulima hupitia benki.

Kila hatua hapa inaisubiri nyingine. Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2018. Mwezi Oktoba wakulima walizikataa bei zilizotolewa mnadani. Mwezi Novemba Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mnunuzi akawa amepatikana, lakini katika mnyororo iliongezwa hatua mpya: uhakiki wa wakulima, ili fedha zisiishie mikononi mwa walanguzi wa kangomba, ambao hununua korosho kwa bei ya chini nje ya utaratibu. Kusudi la hatua hiyo lilieleweka. Hata hivyo, malipo yaliyotegemea uhakiki hayakuweza kuutangulia, na wakulima wengi waliuingia mwaka 2019 wakiwa bado wanasubiri.

4.0 Mofimu za Masharti

Tuzitazame sasa sentensi tatu.

(a) Kazi A ikimalizika, kazi B ianze.
(b) Kazi B isianze mpaka kazi A ifaulu.
(c) Kazi A isipofaulu kufikia saa nane usiku, msimamizi aitwe.

Sentensi (a) ina utata. Kazi inaweza kumalizika kwa kufaulu au kwa kushindwa, na mofimu -ki- haibainishi. Kitenzi ndicho kinachobeba tofauti hiyo. Hivyo mpangaji hana budi kuchagua baina ya “ikimalizika” na “ikifaulu”. Ghalani pia, korosho “zikipimwa” si sawa na korosho “zikikubaliwa”.

Sentensi (b) imeondoa utata huo, lakini ina upungufu mwingine: haisemi lolote kuhusu kushindwa. Kazi A isipofaulu, kazi B itasubiri bila kikomo, wala hakuna atakayearifiwa. Sentensi (c), kwa kutumia -sipo- na kutaja muda, ndiyo inayoukamilisha mpango.

Lugha ya maagizo ya kompyuta kuu za IBM, ambayo chimbuko lake ni mfumo wa System/360 uliotangazwa mwaka 1964, inatupa ushahidi wa namna nyingine. Neno lake la sharti, COND, hutaja sharti la kuiruka hatua, si la kuitekeleza. Agizo lisemalo “4 ni ndogo kuliko namba ya matokeo” humaanisha: namba ikizidi 4, hatua hii irukwe. Wanagenzi wengi hulisoma kinyume. Baadaye iliongezwa miundo ya IF, THEN na ELSE, ambayo huyaweka matawi yote mawili bayana: ikiwa hivi, fanya hili, isipokuwa hivi, fanya lile. Maneno mengine mawili ya COND yana visawe vyepesi katika Kiswahili: EVEN ni “hata hatua iliyotangulia ikikatika ghafla”, na ONLY ni “iwapo tu imekatika ghafla”.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kupanga kazi zinazotegemeana ni, kwa sehemu kubwa, kuunda sentensi za masharti zilizo kamili. Kila -ki- idai -sipo- yake, na kila “mpaka” iwekewe ukomo wa muda. Sentensi kama “mkulima atalipwa akishahakikiwa” haina kosa la kisarufi. Lakini peke yake haimwambii mkulima aliyeko Newala nini kitafuata asipohakikiwa, wala atasubiri hadi lini. Mashine huweza kusubiri usiku kucha bila kudhurika. Mkulima ana ada za shule za kulipa na shamba la kupalilia kabla ya msimu mwingine. Hivyo basi, anayeandika utaratibu wowote, uwe wa mashine au wa watu, aanze kwa kuiandika -sipo-.