Kasha Lisiloimba: Ujenzi wa Spika Isiyo na Waya kwa Gharama Ndogo

Spika ndogo iliyong'olewa katika redio kaseti mbovu, ikiunganishwa na amplifaya na kuachwa wazi juu ya meza, hutoa sauti nyembamba mithili ya mbu. Ngoma haisikiki, na mwimbaji wa kiume huwa kama mtu anayesemea puani. Wengi hudhani kwamba spika hiyo imechoka, nao huitupa. Lakini mwanafunzi akichukua kipande cha boksi gumu chenye upana wa sentimita 60 hivi, akatoboa katikati tundu linalolingana na uso wa spika, kisha akaibana spika nyuma ya tundu hilo wakati muziki unapigwa, sauti nene hujitokeza papo hapo. Umeme haukuongezwa. Wati ni zilezile na spika ni ileile. Kilichobadilika ni mwendo wa hewa.

Jaribio hilo halina gharama, na laweza kufanywa darasani kwa dakika tano. Lina faida kubwa kwa kila anayekusudia kujiundia spika ya mkononi ya kupokea muziki kutoka katika simu bila waya. Vijana wengi huianza kazi hiyo kwa kutafuta amplifaya yenye wati nyingi na kumalizia fedha zao dukani. Kasha hufikiriwa mwisho, kana kwamba ni vazi tu la kusitiri vyombo. Mpango huo ni wa kichwa chini miguu juu.

Hewa ya mbele na hewa ya nyuma

Spika ya kawaida ina koili ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye karatasi yenye umbo la pia, na koili hiyo huning'inia ndani ya pengo jembamba la sumaku. Mkondo wa umeme unaobadilika-badilika upitapo katika koili, kani ya sumaku huisukuma mbele na kuivuta nyuma, na karatasi huifuata. Muundo huu ulielezwa na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na misingi yake haijabadilika hadi leo.

Karatasi inapokwenda mbele huigandamiza hewa iliyo mbele yake, na wakati huohuo hupunguza kanieneo ya hewa iliyo nyuma. Kwa hiyo kila spika hutoa mawimbi mawili yaliyo kinyume. Sauti yenye masafa ya hezi 5,000 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 7 hivi, nayo huelekea mbele bila kujali yanayotokea nyuma. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, kwa wimbi kama hilo, spika ya upana wa sentimita 10 si kizuizi hata kidogo. Hewa iliyogandamizwa mbele huzunguka ukingo na kujaza upungufu wa nyuma kabla sauti haijamfikia msikilizaji, na mawimbi hayo mawili hufutana. Boksi la jaribio lilirefusha njia ya kuzunguka. Kasha lililozibwa pande zote hulifungia wimbi la nyuma kabisa.

Kasha linyamaze

Hapa ndipo wajenzi wengi hupotea, nao wana udhuru, kwa kuwa wameviona vyombo vya muziki. Kibuyu cha zeze na tumbo la udi la taarabu viliundwa ili vitetemeke. Uzi peke yake hausikiki mbali, na ni kasha linalouchukua mtetemo wake na kuukabidhi hewani. Fundi wa udi huchagua ubao mwembamba kwa makusudi. Kasha la spika hutakiwa kufanya kinyume. Sauti tayari imekwisha tengenezwa na karatasi, na ubao ukitetemeka nao, huongeza mvumo wake wenyewe juu ya kila wimbo, uwe wa taarabu au wa dansi. Kasha zuri la spika ni lile ambalo mtu akiliwekea kiganja wakati muziki unapigwa kwa nguvu, hasikii kitu.

Vipande vya plaiwudi ya milimita 12, ambavyo hutupwa katika karakana nyingi za maseremala, vinafaa sana. Vipimo vya ndani vya sentimita 25 kwa 16 kwa 10 hutoa ujazo wa lita 4, unaotosha spika yenye upana wa sentimita 8 hadi 10. Yafaa vipimo hivyo vitatu vitofautiane, kwani sauti hudunda baina ya kuta zinazotazamana, na kuta zote zikiwa na umbali mmoja, sauti ileile hukuzwa mara tatu. Kila kiungo kipakwe gundi ya mbao kwa wingi, na waya zinapotokea pazibwe. Kasha likikamilika, karatasi ya spika ibonyezwe kwa upole kwa vidole: ikirudi polepole, hewa haivuji. Ndani pajazwe sufi kidogo bila kushindiliwa, ili wimbi la nyuma lichoke humo.

Asiye na plaiwudi asikate tamaa. Kibuyu kikavu chenye ganda nene ni kigumu kwa sababu ileile inayolifanya yai lisivunjike kiganjani, na hakina kuta zinazotazamana. Kopo la bati, ambalo huwavutia wengi kwa wepesi wake, lina makosa mawili. La kwanza ni kwamba hulia. La pili litaonekana hapa chini.

Umeme na mawimbi ya redio

Mfumo wa Bluetooth, uliobuniwa katika kampuni ya Ericsson ya Sweden kuanzia mwaka 1994 na kupewa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, huigeuza sauti kuwa tarakimu na kuirusha kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hivi. Kwa kuwa masafa hayo hutumiwa na vyombo vingi, simu na spika hurukaruka pamoja katika njia 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, ili zisigongane na wengine. Urefu wa wimbi hilo ni sentimita 12 na nusu. Halipiti katika bati, na hilo ndilo kosa la pili la kopo.

Kadi ya kupokelea Bluetooth huuzwa ikiwa imekamilika, nayo ni ndogo kuliko kiberiti. Amplifaya nayo ni kadi ndogo. Iliyoenea zaidi hutumia chipu ya PAM8403, itoayo hadi wati 3 kila upande katika spika ya omu 4 kwa umeme wa volti 5. Chipu hii hufungua na kufunga mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo haipotezi nguvu nyingi kwa joto. Yakumbukwe mambo mawili. Waya mbili hasi za kutokea, wa kushoto na wa kulia, zisiunganishwe pamoja kamwe, maana chipu itaungua. Na ikisikika sauti kama ya mbu wakati muziki umesimama, ni kelele ya kadi ya Bluetooth inayopita katika waya wa umeme. Mara nyingi hupungua waya zote hasi za umeme zikikutana katika nukta moja, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 ikiwekwa kwenye mlango wa umeme wa kadi hiyo.

Wati 3 huonekana chache kwa sababu matangazo ya biashara yamewazoesha watu kusoma mamia. Ukweli ni kwamba spika ndogo hugeuza chini ya sehemu moja katika mia ya umeme kuwa sauti, na kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Atakayelipa zaidi ili apate wati 6 badala ya 3 atakuwa amenunua tofauti ndogo sana.

Betri

Sehemu hii ndiyo pekee katika kazi nzima inayoweza kuunguza nyumba, na hapa ubahili haufai. Betri za kompyuta za mkononi zilizokufa mara nyingi huwa na seli za lithiamu ziitwazo 18650, kwa upana wake wa milimita 18 na urefu wa 65. Mafundi huzichomoa na kuzitumia tena, na kweli baadhi bado zina uhai. Lakini seli hiyo si betri ya tochi. Ndani yake mna kimiminika kinachowaka, na katika aina nyingi, upande chanya ukipata joto kupita kiasi hutoa oksijeni. Moto wake hujilisha wenyewe, wala blanketi haliuzimi. Huhitaji maji mengi ya kuupoza, na moshi wake ni sumu. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 huwa shaba yake ya ndani imeanza kuyeyuka, na ikichajiwa shaba hiyo huganda mahali pasipotakiwa na kuziunganisha chanya na hasi ndani kwa ndani. Isifufuliwe, hata kama mita inaonyesha imepokea chaji. Seli iliyovimba au kubonyea nayo isiguswe, na hakuna seli ya kulehemewa waya moja kwa moja.

Kwa shule, njia iliyo bora ni pawabenki ya kawaida, ambayo ina volti 5 tayari na kinga yake ndani. Yenye miliampea-saa 5,000 huendesha spika hii kwa zaidi ya saa 12 kwa sauti ya wastani. Kasoro yake ni kwamba baadhi hujizima mkondo unapokuwa mdogo, kwa hiyo ijaribiwe kabla ya kununuliwa. Seli nne za nikeli za volti 1.2, zinazochajiwa tena, nazo zinafaa.

Bomba

Kasha lililozibwa likisha kufanya kazi, na si kabla ya hapo, mjenzi aweza kujaribu hatua ya pili. Mwaka 1932 Mmarekani Albert Thuras alipewa hataza ya kasha lenye tundu, ambamo wimbi la nyuma halifungiwi bali hugeuzwa na kutolewa nje likiwa sambamba na la mbele. Hewa ya ndani ya kasha ni springi. Hewa ya ndani ya bomba ni uzito unaoning'inia kwenye springi hiyo. Ndiyo sababu chupa ya soda hupiga honi mtu apulizapo mdomoni mwake.

Kasha la lita 4 lenye bomba la plastiki la upana wa ndani wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 8 hutetemeka, kwa hesabu ya Hermann von Helmholtz, katika hezi 72 hivi. (Urefu wa bomba uongezwe sentimita 2 katika hesabu, kwa kuwa hewa iliyo nje ya midomo yake hutetemeka pamoja nayo.) Hesabu hiyo yaweza kuhakikiwa. Simu iwekewe programu ya kutoa mlio wa masafa moja, mlio uanzie hezi 120 na kuteremshwa kidogo kidogo, na unga kidogo unyunyizwe juu ya karatasi ya spika iliyolazwa kutazama juu. Katika masafa ya bomba, karatasi karibu itasimama na unga utatulia, huku mwali wa mshumaa uliowekwa mdomoni mwa bomba ukipepesuka. Mara nyingi namba itakayopatikana huwa juu ya 72. Ikiwa ni 78, ujazo halisi wa kasha ni chini kidogo ya lita 3.5, na nusu lita iliyopotea imechukuliwa na sumaku, mbao za kuimarishia na betri.