Jaketi ya Bezboli: Nguo Tu, ao Ukumbusho?



Juma iliyopita kulikuwa mabishano katika internat. Ndugu mmoja wa mwaka wa nne alinunua sokoni, katika nguo za balo, jaketi ya zamani ya bezboli yenye herufi kubwa kifuani. Mwenzake akataka kumupa saa ya mkono aliyoachiwa na marehemu baba yake, sababu aliambiwa ile jaketi ni ya mchezaji mukubwa wa Marekani. Wakatuita sisi wakubwa wa internat tukate maneno. Basi tunaeleza.

Bezboli ni mchezo wa Wamarekani: mmoja anatupa mpira mdogo, mwingine anaupiga kwa fimbo na kukimbia. Wale wanaongojea zamu wanakaa pembeni, na wakati wa baridi wanavaa jaketi. Za zamani zilishonwa kwa sufu, mara nyingi na mikono ya ngozi. Nyuma zikakuja za satini yenye kungaa.

Na herufi? Mwaka 1865 timu ya bezboli ya universite ya Harvard ilishona H kwenye nguo zake. Haikubaki pambo tu: desturi ikakuwa kwamba asiyecheza katika michezo ya maana alipashwa kuirudisha.

Juu ya nini watu wanatoa franga mingi kwa nguo iliyochakaa? Tuchukue timu ya Brooklyn Dodgers. Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson, mtu mweusi, aliichezea, wakati timu kubwa zilikuwa za wazungu peke yao kwa miaka mingi. Kisha mchezo wa 1957 timu ilihama Brooklyn, ikaenda Los Angeles. Kwa hiyo jaketi ya kweli ya wakati ule ni kama shahidi: haiwezi kutengenezwa tena.

Lakini shahidi anaweza kusema uongo. Katika miaka ya 1990, FBI ilikamata watu waliokuwa wakiandika saini za uongo za wachezaji na kuziuzisha. Ndiyo maana wenye kujua wanaangalia ndani ya kola kama kuna jina ao namba ya mchezaji, na wanalinganisha mishono na picha za zamani. Tangu 2001 wakubwa wa bezboli wanaweka mtu kwenye kiwanja, anabandika alama yenye namba kwenye vitu palepale.

Tukageuza ile jaketi ndani na inje. Hakuna jina, hakuna namba, na herufi ilibandikwa kwa gundi, haikushonwa. Kumbe ni jaketi tu! Ni nzuri kwa baridi ya asubuhi, na mwenyewe anaivaa mpaka leo. Saa ilibaki kwenye mkono wa mwenzake.

Wandugu, mbele ya kutoa kitu cha baba yako, uliza kwanza: nani aliivaa, na nani alimuona?

Mkubwa wa internat, mwaka wa sita