Sahani ya Bosco na nyimbo zetu za Misisi

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji wa migodi tunaouita leo Likasi, na mashine yake ya kurekodi. Akamkuta Jean Bosco Mwenda, kijana wa Bayeke, na gitare yake moja tu. Wakarekodi “Masanga”. Gallotone ya Afrika Kusini ikatoa sahani, gramafoni zikaibeba mpaka Nairobi. Wakati ule huku hakukuwa orodha ya nyimbo kumi za kwanza. Ushindi ulionekana kwa vijana: kila mwenye gitare alitafuta namna dole gumba na kidole kimoja vinatoa sauti mingi vile! Mwaka 1969 Bosco akapiga Newport, Marekani.

Sisi wa sendika tunamtaja juu ya sahani ni kama zahabu. Mchimbaji wa Misisi anajua gramu zake, hajui franga zinaishia wapi. Sasa vijana wetu, Misisi na Baraka, wanarekodi kwa simu. Wimbo unazunguka kila pikipiki, jina la mtungaji hakuna. Ndugu, andikeni jina na tarehe mbele ya kuutuma. Na mwenye studio, mkubaliane kwa karatasi. Haki za watungaji ni kazi ya SOCODA. Karatasi zikikushinda kujaza, njoo na mwenzako, tutajaza pamoja.