Mchonga Mwiko Hukimbiza Mkonowe

Methali hii ni somo la kwanza la mwanagenzi wa uchongaji. Mimi niliyelelewa chuoni kwa ubao na wino nimeshika tezo utu uzimani, hapa Malindi, na naona ilimu hizi mbili ni ndugu. Chuoni tulianza na alifu. Kwenye gogo huanzwa na mwiko. Kwanza tazama nyuzi za mti zaelekea wapi, mkato uzifuate. Ukizipinga, mti hupasuka. Tezo huondoa mapande, patasi hufuata, msasa huja mwisho. Punguza kidogo kidogo, maana kilichokatwa hakirudi.

Mti wa kuanzia ni mwarobaini. Hukua upesi, nao huupumzisha muhuhu, mti mgumu uliokatwa mno katika misitu yetu ya pwani.

Lakini, ndugu msomaji, usijifunzie kwa kigango. Chaonekana rahisi: ubao bapa, kichwa cha duara, pembetatu zilizochorwa kwa patasi. Kwa Wagiriama, hicho ni ukumbusho wa marehemu aliyekuwa mzee wa chama cha Gohu; kikisimikwa hakiondolewi. Hata hivyo vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Viwili vilirudi kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine 30 vya jumba la makumbusho la Denver vikafika Kenya mwaka 2019.

Basi anza na mwiko. Ukiharibika, jiko litaupokea uwe kuni. Kigango kikichezewa, nani atamtaka radhi marehemu?