Boris Berezovsky na Utawala Alioutengeneza

Miongoni mwa Warusi waliotajirika kwa kasi baada ya Umoja wa Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, ni wachache waliosogea karibu na kiti cha enzi kama Boris Abramovich Berezovsky, na ni wachache zaidi ambao anguko lao linaonyesha waziwazi udhaifu wa mali inayotegemea hisani ya watawala badala ya ulinzi wa sheria. Alizaliwa Moscow tarehe 23 Januari 1946, akasomea hisabati, akatunukiwa udaktari wa sayansi mwaka 1983, na kwa miaka mingi alikuwa mtafiti wa nadharia ya uamuzi, yaani elimu inayochunguza jinsi mtu anavyoweza kuchagua njia bora hali taarifa alizonazo hazijakamilika.

Mageuzi ya kiongozi wa Kisovieti Mikhail Gorbachev yalipofungua mlango wa biashara binafsi, Berezovsky alianzisha mwaka 1989 kampuni ya LogoVAZ, iliyouza magari ya kiwanda cha umma cha AvtoVAZ kilichoko mji wa Togliatti. Kampuni ilichukua magari kwa mkopo na kuyalipia baadaye, na kwa kuwa mfumuko wa bei ulizidi asilimia 2,000 katika mwaka 1992 peke yake, deni lililopimwa kwa rubo lilikuwa limeyeyuka siku ya kulipa ilipowadia. Faida ilibaki kwa muuzaji, hasara ikabebwa na kiwanda cha umma. Biashara hiyo iliandamana na umwagaji damu: mwezi Juni 1994 bomu lililipuka kando ya gari lake mjini Moscow, likamuua dereva wake, naye akanusurika na majeraha.

Utajiri mkubwa zaidi ulitokana na mpango uliojulikana kama mikopo kwa dhamana ya hisa. Serikali ya Rais Boris Yeltsin, ambayo hazina yake ilikuwa tupu, ilikopa kwa matajiri na kuweka rehani hisa za mashirika ya umma, kisha iliposhindwa kulipa, kama wengi walivyotarajia, hisa hizo zikaishia mikononi mwa wakopeshaji. Kwa njia hiyo, Desemba 1995, Berezovsky na wenzake, akiwemo kijana Roman Abramovich, walipata udhibiti wa kampuni ya mafuta ya Sibneft kwa takribani dola milioni 100 za Marekani. Miaka kumi baadaye kampuni ya serikali ya Gazprom ililipa zaidi ya dola bilioni 13 kwa hisa zipatazo robo tatu za Sibneft hiyohiyo. Wakati huohuo Berezovsky alijipatia usemi mkubwa katika ORT, kituo cha televisheni kilichofika karibu kila nyumba nchini ingawa serikali ndiyo iliyomiliki asilimia 51 ya hisa zake, na mwaka 1996 yeye na matajiri wenzake walitumia fedha na vyombo vyao vya habari kumsaidia kushinda tena uchaguzi wa urais Yeltsin, ambaye mwanzoni mwa mwaka huo alikuwa nyuma sana ya mkomunisti Gennady Zyuganov. Malipo yalifuata upesi, kwani mwezi Oktoba mwaka huo aliteuliwa kuwa naibu katibu wa Baraza la Usalama la Urusi.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chake. Mtu huyo ambaye baadaye aliililia demokrasia ndiye aliyesaidia kuzoesha taifa kuona televisheni ikiwa silaha ya ikulu, na mwaka 1999 silaha hiyo ilielekezwa kwa wapinzani wa Vladimir Putin, mkuu wa zamani wa idara ya usalama ya FSB ambaye Berezovsky alimuunga mkono kwa nguvu zote. Mwezi Agosti 2000 nyambizi ya Urusi iitwayo Kursk ilipozama na mabaharia wote 118 wakafa, ORT ilimlaumu Putin, ambaye sasa alikuwa Rais mpya, kwa uzembe. Kabla ya mwaka kwisha Berezovsky alikuwa nje ya nchi akikabiliwa na upelelezi wa jinai, na haukupita muda akapoteza kituo hicho.

Uingereza ilimpa hifadhi ya kisiasa mwaka 2003. Kutoka London aligharamia upinzani dhidi ya Putin, huku mahakama za Urusi zikimtia hatiani kwa ubadhirifu bila yeye kuwepo. Alimsaidia pia Alexander Litvinenko, ofisa wa FSB aliyetangaza hadharani mwaka 1998 kwamba wakubwa wake walimwamuru amuue Berezovsky. Litvinenko alifariki tarehe 23 Novemba 2006 baada ya kunyweshwa chai yenye poloniamu-210, sumu ya mionzi, na uchunguzi rasmi wa Uingereza ulimtaja Andrei Lugovoi, aliyewahi kuongoza ulinzi wa ORT, kuwa mmoja wa wauaji.

Kilichomvunja Berezovsky, hata hivyo, ni kesi aliyoifungua mwenyewe mjini London. Alidai zaidi ya dola bilioni 5 kutoka kwa Abramovich, akisema kwamba alilazimishwa kwa vitisho kuachia hisa zake za Sibneft kwa bei ya kutupa. Abramovich alijibu kwamba Berezovsky hakuwahi kuwa mbia, bali alilipwa kwa ajili ya ulinzi wa kisiasa ambao Warusi huuita krysha. Mdai hakuwa na mkataba wa maandishi, kwa sababu makubaliano yao yalikuwa ya mdomo, na tarehe 31 Agosti 2012 Jaji Elizabeth Gloster aliitupa kesi na kumtaja kuwa shahidi asiyeaminika. Yeye aliyepata mali pasipo sheria kuheshimiwa aliikimbilia sheria akiwa mikono mitupu, akabaki na mzigo wa gharama za mawakili zinazohesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya pauni.

Baada ya hukumu hiyo alitibiwa maradhi ya sonona. Tarehe 23 Machi 2013 alikutwa amekufa bafuni, mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, katika nyumba iliyoko karibu na Ascot. Alikuwa na umri wa miaka 67. Daktari aliyeupasua mwili aliona dalili zinazolingana na kujinyonga. Mtaalamu wa Kijerumani aliyeajiriwa na familia, akitegemea picha, alisema alama za shingoni hazikulingana na kujinyonga. Mwezi Machi 2014 ofisa wa uchunguzi wa vifo, Peter Bedford, alitoa uamuzi wa wazi, maana yake ushahidi haukutosha kuthibitisha sababu yoyote. Kwa hiyo anayeandika kwamba Berezovsky aliuawa, sawa na anayeandika kwamba alijiua, anadai zaidi ya kile kilichothibitishwa.