Unalipia Usichokisoma: Kivinjari na Bando Lako

Makala yenye maneno 700 ya Kiswahili, ikiwekwa kama maandishi matupu, ina uzito wa KB 5 hivi. Ifungue makala hiyohiyo kwenye tovuti ya kawaida, na simu itashusha zaidi ya MB 2. Kwa kila baiti unayoisoma umelipia nyingine mia kadhaa ambazo macho yako hayakuzigusa. Bando linaishia hapo. Kwa hiyo anayetaka kubana matumizi hana haja ya kusoma kidogo. Akatae mizigo ambayo hakuiagiza.

Mizigo hiyo ni ipi? Kwa kawaida picha ndizo nzito kuliko vyote. Zinafuatwa na JavaScript, yaani msimbo unaoendesha ukurasa. Sehemu ya msimbo huo kazi yake ni kufuatilia nyendo za msomaji na kuita matangazo. Kuna fonti pia, na video inayojicheza yenyewe pembeni. Ukurasa huwa kama mgeni uliyemwalika peke yake akaja na ukoo mzima: umeandika anwani moja, lakini kivinjari kinatuma maombi ambayo mara nyingi huzidi 50, mengine yakienda kwa seva za kampuni usizozijua.

Anza kwa kupima. Mwenye kompyuta afungue Chrome au Firefox, abonyeze F12, achague sehemu iitwayo "Network", kisha aupakie ukurasa upya. Chini ataona jumla ya data iliyosafirishwa. Akipanga orodha kwa ukubwa, mafaili mazito yatajitokeza yenyewe. Kwenye simu ya Android, nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, uone kila programu imekula kiasi gani. Huenda ukakuta kivinjari unachokilaumu kimetumia kidogo kuliko masasisho ya programu yanayojipakua usiku.

Masasisho hayo yana dawa yake. Tangu toleo la 7 la mwaka 2016, Android ina Kiokoa Data, ambacho huzuia programu nyingi zisitumie data chinichini wakati huzitumii. Kiwashe, lakini ujue mpaka wake: hakipunguzi uzito wa ukurasa uliouita mwenyewe. Chrome ya simu iliwahi kuwa na kitu cha kufanya kazi hiyo, "Lite mode", lakini Google iliizima Machi 2022. Ukishauriwa uiwashe, usipoteze muda kuitafuta. Kilichobaki ndani ya Chrome ni kuzima mambo mawili. La kwanza ni upakiaji wa kurasa kabla hujazibofya. Linapatikana kwenye Faragha na usalama. La pili ni mlolongo wa habari zenye picha unaojitokeza kila ukifungua kichupo kipya.

Hatua yenye matunda zaidi ni kuzuia matangazo na vifuatiliaji. Firefox ya Android inakubali kiongezi cha uBlock Origin, na kinachozuiwa hapo hakishushwi kabisa, kwa hiyo hukilipii. Kiongezi hicho pia kinaweza kuzuia picha zote zinazozidi ukubwa uliouchagua. Ila magazeti mengi huishi kwa matangazo. Lile unalolithamini liruhusu, ili nawe uwe umechangia.

Opera Mini ina njia nyingine. Katika ubanaji wake wa juu, ombi lako huenda kwanza kwa seva za Opera. Seva hizo huuchukua ukurasa, huukamua, kisha hukutumia kilichobaki. Kampuni yenyewe inasema akiba inaweza kufika asilimia 90. Kwa kusoma habari kwenye mtandao hafifu, ni msaada mkubwa. Lakini ili ukurasa ukamuliwe ni lazima ufunguliwe katikati ya safari, kwa hiyo mambo ya benki, barua pepe na nywila yafanyie kwenye kivinjari kingine.

Kuna tabia moja inayokula data huku mtu akidhani anajisaidia: kusafisha kashe kila siku. Kivinjari huhifadhi humo nembo, fonti na msimbo wa tovuti ili ukirudi kesho kisivishushe tena. Ukiifuta, au ukisoma kwa dirisha fiche ambalo likifungwa hutupa kila kitu, tovuti unayoitembelea kila asubuhi unainunua upya kila asubuhi. Futa kashe pale tu simu inapojaa au ukurasa unapogoma.

Kwenye video, hesabu ni rahisi. Video ya 720p inayotiririka kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde hula zaidi ya GB 1 kwa saa. Ishushe ubora hadi kilobiti 500, na saa hiyohiyo itakula MB 225 hivi. Kwa somo au mahubiri, ambapo sauti ndiyo kazi, tofauti kwenye skrini ya simu ni ndogo. Chagua ubora wewe mwenyewe, kwa sababu mpangilio wa kujirekebisha hupanda kadiri mtandao unavyokuwa na kasi.

Mwanafunzi anayeunganisha kompyuta na simu kwa hotspot yuko hatarini zaidi, kwa kuwa kompyuta inaweza kudhani imepata Wi-Fi isiyo na kikomo na kuanza kupakua masasisho makubwa. Kwenye Windows, fungua sifa za mtandao huo na uwashe "Metered connection". Fanya hivyo kabla ya kufungua kivinjari.

Wenye tovuti nao wana wajibu. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera mara nyingi ina MB 3 au zaidi na upana wa pikseli 4,000. Skrini ya simu haihitaji hata nusu ya upana huo. Ikipunguzwa hadi pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, kwa kawaida hushuka chini ya KB 300 bila msomaji kuona tofauti. Kazi hiyo humchukua mhariri dakika moja. Matokeo ya mitihani, fomu za serikali na taarifa za afya hufunguliwa na watu wanaonunua data ya siku kwa siku, na anayewaandalia ukurasa mwepesi amewahudumia kabla hawajasoma hata neno la kwanza.