Shahada ya Uchumi kwa Kijana wa Goziba

Mzazi wa Goziba auzaye dagaa ili mwanawe akasome shahada ya uchumi hana budi kuhesabu vema. Urahisi wa chuo si ada peke yake. Nauli ya kuvuka ziwa, chumba na chakula kwa miaka 3 navyo ni gharama. Twawausia wazazi watazame kwanza vyuo vikuu vya Serikali: Dar es Salaam, Dodoma na Mzumbe vyote vyafundisha uchumi. Na waliouchelea mkopo wa Bodi, wakihofia riba kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, na wajue kwamba Serikali iliiondoa mwaka 2021. Lakini enyi vijana, mkopo ni deni, na kulilipa ni wajibu.